Maua Aliyoyateka Mtani Wetu

Makaburi ya kijiji chetu yalikuwa mahali pazuri kuliko kijiji chenyewe, na nasema hivyo bila kumwomba mtu radhi. Kijijini kulikuwa na vumbi, mihogo, mbuzi wasio na adabu na watu wa namna hiyohiyo. Makaburini kulikuwa na kivuli, asali, ndege wa kila rangi na ukimya. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo sababu watu hukubali kufa.

Tulikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Tabora mjini, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, ambayo wakati wa Mwingereza ilikuwa imebaki uchochoro wa mchanga wa kupitishia ng'ombe. Wapagazi waliofia njiani walifukiwa pale kabla hata msumari wa kwanza wa kanisa haujafika. Baadaye misheni ikaja, ikajenga, ikaanza kuzika Wakristo wake upande wa mashariki, na kati yao na wapagazi ikapanda minyaa iwe ukuta. Minyaa ile ikakua, ikaangukia pande zote mbili, ikachipua ilipoangukia, na baada ya miaka kadhaa hakuna aliyeweza kukuonyesha kwa hakika wokovu unaishia wapi.

Sheria ya mahali pale ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Jembe haliingii ila kwa kuchimba kaburi, na anayelishika si wa ukoo wa marehemu bali ni mtani wake. Kwetu huwezi kumpigia jembe mtu wako aliyelala. Mtani ndiye anayechimba, mtani ndiye anayefukia, na mtani ndiye anayesimama pembeni akimsimanga maiti kwa uvivu na ulafi wake mpaka wafiwa wacheke na kamasi puani. Kwa hiyo hakuna aliyelima pale, hakuna aliyekata kuni, na mbuzi aliyeingia alitolewa kwa mawe. Nje ya hapo mashoka yalikuwa yamemaliza kazi. Watu walifyeka walime, wakafyeka wachome matofali, kisha serikali nayo ikafyeka ili mbung'o wakose pa kukaa. Ungedhani kila mti ulionusurika ulikimbilia kwa wafu.

Kulikuwa na mininga, ambayo ukiichanja inatoa utomvu mwekundu kama damu. Kulikuwa na mitundu, mikwaju, mifuru, na miti ya ntalali yenye matunda meusi yanayotia meno giza. Juu ya matawi yaliota maua ya manjano yasiyogusa udongo, yakiishi kwa hewa tu kama makarani mwisho wa mwezi. Chini walitembea kanga na kwale. Nungunungu alichimba mashimo kati ya marehemu bila kuchagua dhehebu. Kulikuwa na komba wanaolia kama watoto wachanga, bundi ambaye wanawake walimlaumu kwa kila kitu, na kobe mmoja mkongwe aliyekuwa na tabia ya kuhudhuria mazishi. Alikuja polepole, akasimama pembeni, na kwa kawaida alifika ibada ikiwa imekwisha, kama baadhi ya ndugu zangu.

Upande wa wapagazi ilikuwa mipera tupu. Bibi yangu, mama wa baba, aliyenilea, alikuwa na maelezo yake kuhusu mipera hiyo. Alisema wale watu walikula mapera njiani, wakafa kabla ya kwenda haja. Ndiyo maana mapera yale ilikuwa mwiko kuyala, na uyoga wa pale mwiko, na asali ya pale mwiko, na chochote kilichoota au kutambaa juu ya wafu kilikuwa mwiko mkubwa.

Na sote tulikula. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na mzinga wake ndani ya mninga nyuma ya makaburi ya watoto, mahali ambapo mwizi hathubutu. Asubuhi moja nilikutana naye akitoka, kitu kikubwa chini ya koti, akinung'unika Zaburi. Koti lilikuwa linavuma. Mkunga alichukua mizizi huko. Mwalimu wa kwaya alitega kanga. Watu walikutana alfajiri kati ya misalaba, mmoja na kikapu, mwingine na kamba, na wote wawili wakainamisha vichwa kana kwamba wamekuja kuomboleza, wakaachana kwa heshima. Bibi yangu alikuwa bingwa wa uyoga. Mvua zikianza aliingia pale na ungo mtupu na uso wa huzuni, akatoka na ungo umejaa na huzuni imepungua.

Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu mahali pale, na hakikuwa cha kula. Mama yangu alikufa sijaota meno. Picha yake haikuwapo. Msalaba wake wa mti mchwa waliumaliza kabla sijajua kusema, na kilima cha udongo kikazama. Lakini bibi alikuwa amempandia kichwani kitunguu cha ua la porini, lile ambalo siku chache baada ya mvua ya kwanza linatoka ardhini bila jani hata moja, jekundu, la mviringo, kubwa kama ngumi mbili, limejaa sindano laini. Linakaa wiki moja hivi, kisha linanyauka, na majani yanafuata baadaye kana kwamba yamechelewa kuambiwa. Wengine nao walifanya vivyo hivyo, huyu mshubiri, yule kichaka cha asumini, yule ua jeupe. Hivyo ndivyo tulivyojuana na wafu wetu. Wiki ile ya ua nilikwenda kila siku, nikamsimulia mama mambo ya mwaka mzima. Sikuwa na sura yake nyingine.

Nilipochumbiwa, mchumba alikuwa kibarua wa reli huko Kaliua, kwenye njia panda ya reli, enzi zile njia ya Mpanda ilipokuwa ingali mpya. Kwa watu wa kwetu Kaliua ilikuwa mwisho wa dunia, na huko mwisho wa dunia kulikuwa na mainzi. Harusi ilipangwa mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua. Kuna desturi kwamba binti anayeolewa mbali huenda kwanza kumuaga mzazi wake aliyelala, na unga kidogo na maji. Kanisa lilisema hayo ni mambo ya giza, kwa hiyo tuliyafanya mchana. Nilikuwa nahesabu siku. Nilitaka kumuaga mama hapo kichwani pake, penye ua lake, hata kama lilikuwa limelala udongoni. Sikutaka kitu kingine chochote katika harusi ile, na mchumba wangu anisamehe.

Ndipo tukaletewa mchungaji mpya. Alitoka milima ya kusini, ambako nasikia hata nyasi huota kwa foleni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msafi tu, kwa kiwango cha ugonjwa. Jumapili moja alitutangazia kwamba mgeni mkubwa wa misheni anakuja, na kwamba makaburi yetu ni aibu.

"Wafu wetu si nyani," alisema. "Nataka pafyekwe, pachimbuliwe mizizi, pafagiliwe. Nendeni kwa mapadri wa Kipalapala mkaone makaburi yalivyonyooka mistari."

Kanisa zima likatazama viatu vyake, na wasio na viatu wakatazama vidole. Mzee wa mzinga akafunga vifungo vya koti. Mkunga akajitia hamnazo. Mwalimu wa kwaya akawa anatafuta ukurasa ambao hakuna aliyeuomba. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kupinga, na hakuna aliyeweza kuitaja bila kuulizwa anajuaje. Mimi nikasimama. Bibi akanivuta khanga mpaka nikarudi chini kwa kishindo.

"Kaa hapo," alininong'oneza. "Unataka waulize uyoga ulitoka wapi?"

Maana mchungaji yule, wiki ya kwanza tu alipofika, alipikiwa na bibi uyoga uliokaushwa, kwa karanga, akaomba tena, akaomba na ya tatu. Ulikuwa umeota kwenye gogo lililolala juu ya kaburi la mchungaji aliyemtangulia.

Baada ya ibada wazee walikaa wakapata hila, na hila hiyo ndiyo iliyotumaliza. Walimwendea mchungaji kwa unyenyekevu, wakamwambia ni sawa kabisa, pafyekwe, ila kwa mila yetu jembe la makaburini linashikwa na mtani peke yake. Mchungaji akasema hajali nani anashika jembe. Wazee wakatoka wakikonyezana, kwa sababu mtani aliyekuwapo kijijini alikuwa mmoja, Mzaramo. Babu yake alitoka pwani na msafara, akashikwa na tumbo, akaachwa hapa chini ya mti pamoja na mzigo aliokuwa ameshindwa kuubeba. Ukoo ule tuliusimanga miaka yote kwamba jembe kwao ni pambo la ukutani. Mzee mwenyewe tulimwita Jumapili, kwa sababu hakufanya kazi siku nyingine. Wazee wakasema atafyeka kichaka kimoja, atalala, na Yesu atarudi amkute hapo.

Tulikuwa tumeutania uvivu wake kwa miaka mingi mpaka tukauamini. Hilo ni kosa ambalo hata mgeni hawezi kulifanya, kwa kuwa mgeni angemtazama mtu mwenyewe, angeona mabega yale, na shamba lake la mhogo lililokuwa kubwa kuliko letu.

Siku hizo mimi na bibi tulikwenda Kanyenye, Tabora mjini, kununua khanga na sufuria za harusi, tukalala kwa ndugu siku nne. Tuliporudi, kabla ya kufika nyumbani niliona jua mahali ambapo hapakuwa na jua. Mzaramo alikuwa amekuja na wanawe, na wakwe zake, na mapanga yamenolewa, na walikuwa wamemaliza.

Mininga mikubwa mitatu tu ilibaki, kwa sababu mchungaji aliihitaji kwa kivuli cha mgeni. Mengine yote yalikuwa udongo mwekundu, na juu ya udongo michirizi ya fagio kama uwanja wa shule. Minyaa ilikuwa imelala majivu. Mipera haikuwapo. Kanga wawili walitembea wakizunguka, wakitafuta walichokijua. Kobe alikuwa katikati ya ule uwanja, mgongo wake umepakwa vumbi, hajui aende wapi, na ndivyo nilivyokuwa mimi. Nilisimama nikajaribu kukumbuka ni hatua ngapi kutoka mfuru, lakini mfuru nao haukuwapo. Bibi macho yake hayakuona mbali, yeye alimjua mkwewe kwa kushika majani. Aliinama akapapasa udongo. Nilikuwa na unga na maji, na sikuwa na mama.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzaramo nikiwa nimekunja ngumi, msichana wa kuolewa wiki ijayo, na bibi akinifuata nyuma akipiga kelele nisimtie aibu.

Alikuwa amekaa kitini mlangoni, kanzu safi, anakunywa uji. Na kuzunguka nyumba yake, ukutani mpaka kwenye banda la kuku, palikuwa na msitu. Madebe ya mafuta ya taa, vyungu vilivyopasuka, makarai yenye matundu, hata chombo kimoja cheupe ambacho Wazungu huweka chini ya kitanda. Kila kimoja kilikuwa na udongo, na katika udongo kuna kitu. Mishubiri, asumini, miche ya ntalali, matawi yenye yale maua ya manjano yamefungwa kwa kamba kwenye paa. Mzinga wa mzee wa kanisa ulikuwa juu ya kichuguu, nyuki wamo, wamekasirika kama mimi.

"Shikamoo," nilisema, maana hasira haiondoi malezi.

"Marahaba, mzigo wa mtu," alijibu. "Umekuja kukomboa?"

Hapo nikaelewa. Kwenye msiba mtani ana haki ya kuteka kitu chochote cha wafiwa, chungu, kigoda, hata shuka, na akae nacho mpaka wamkomboe. Mzee alikuwa amefikiri mambo kwa utaratibu wake. Ameitwa makaburini na jembe, basi ni msiba. Ni msiba, basi anateka. Alikuwa ameng'oa kila kitu chenye maana kabla ya kufyeka, akabeba mateka nyumbani.

Watu walianza kufika jioni ileile, na nasikitika kwamba hamkuwapo. Maana mtani hakumpa mtu kitu mpaka aseme kwa sauti, mbele ya wote, anataka nini na kwa ajili gani. Mzee wa kanisa ilibidi aseme mzinga ni wake na una miaka tisa. Mkunga alitaja mizizi yake mmojammoja na kila mmoja unatibu nini, na wanaume wawili waliondoka haraka ugonjwa wao ulipotajwa. Mwalimu wa kwaya alilipa jogoo, akapewa kichaka, akaulizwa kama kanga wake ni soprano. Mchungaji alisikia kelele akaja naye, na alifika wakati bibi yangu anakomboa gogo lake la uyoga, kubwa, limeoza vizuri.

"Mama," alisema mchungaji taratibu, "ule uyoga ulionipikia?"

"Wa mwenzio," bibi alimjibu. "Alikuwa mtu mwema. Ndiyo maana ulikuwa mtamu."

Mchungaji aliinama akalitazama lile gogo pande zote. Akaenda zake. Lakini sitaki kumwonea, kwa hiyo niongeze kwamba mvua zilipokuja alituma bakuli.

Zamu yangu ilipofika nilinyoosha kuku. Mzee akamkataa.

"Wewe sitaki kuku. Unaolewa Kaliua, nani atanitukana? Bibi yako amezeeka, matusi yake yamechacha. Nitukane vizuri, tusi la kunitosha mpaka utakaporudi, nami nitakupa mama yako."

Nilikuwa na matusi. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga. Nilifungua mdomo, na badala yake nikaangua kilio mbele ya watu wote, kilio cha mtoto, nikashindwa hata kufunga mdomo.

"Machozi si malipo," alisema, lakini alisimama. "Basi utanilipa ukija."

Aliniletea vitunguu viwili katika kipande cha gunia. Kisha akanichukua mpaka makaburini, akasimama kwenye mninga wa kati, akahesabu hatua bila kusita, akapiga kisigino.

"Hapa. Nilimchimbia mimi. Nilikuwa nimepima shimo, wakamleta, hatoshi. Ikabidi niongeze. Nikawaambia wakwe, mmeoa twiga. Baba yako alicheka siku ile, alikuwa hajacheka tangu asubuhi ya jana yake."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama alikuwa na miguu mirefu. Nilitazama ya kwangu, ambayo nilikuwa nimeichukia maisha yangu yote kwa kuwa khanga haikuifikia. Nikapanda kitunguu kimoja pale, nikamwaga unga na maji, nikamuaga. Kitunguu cha pili nilikwenda nacho Kaliua, ndani ya sufuria ya harusi.

Nilikipanda nyuma ya nyumba ya reli, panapomwagwa maji ya vyombo. Mume wangu aliuliza kama ni cha kula. Nikamwambia akiguse aone. Mvua ya kwanza ilipokuja nilitoka kila asubuhi kutazama, na siku ya tano kikatoa shina, shina refu, na juu ya shina maua marefu yaliyoinama kama tarumbeta. Meupe. Na kila ua lina mistari ya waridi.

Ua jeupe la namna hiyo makaburi yetu yote yalikuwa nalo moja, na kila mtu alijua liko juu ya nani. Lilikuwa juu ya mama yake Mzaramo.

Sijawahi kukasirika vile tena, na nimezaa watoto sita. Mzee mpumbavu alichanganya madebe, ndivyo nilivyofikiri. Nikiwa nimesimama pale na ndoo ya maji ya vyombo, matusi yote yaliyokataa kutoka siku ile yalitoka. Nilimtukana yeye, babu yake na tumbo la babu yake, na msafara uliomleta. Majirani walidhani nimepigwa. Baada ya wiki chache mtu wa kwetu alishuka kwenye treni na salamu za bibi, kwamba ua jekundu limechanua kwa mama wa Mzaramo, na jeupe kwa mama yangu, na kijiji kizima kinacheka, na mzee anauliza nakuja lini kumlipa.

Nilisema nakuja. Nilikuwa nimeazimia kabisa. Ila mimba ikaja, kisha mtoto akaugua, kisha mume akapelekwa njia ya Mpanda miezi mitatu, kisha mimba nyingine. Kila mvua ya kwanza nililitukana ua jeupe kwa niaba ya mwenyewe, nikajiambia mwakani. Tusi likawa linakua. Niliongeza vipande, nikaondoa vilivyochuja. Nilikuwa nalo tusi zuri mno, na nilitaka alisikie.

Zilipita mvua saba, ndipo salamu nyingine zikaja kwamba Mzaramo amekufa, na sisi watani wake tunatakiwa tukamzike. Nilipanda treni siku ileile na mtoto mgongoni.

Kufika, sikuyatambua makaburi. Pori lilikuwa limerudi, ila limerudi likiwa limechanganyikiwa. Mashina ya minyaa yalikuwa yamechipua mahali papya. Mipera ilikuwa imehamia kwa Wakristo. Komba walikuwapo, bundi alikuwapo akilaumiwa, nyuki wa mzee wa kanisa walikuwa wamegawanyika mizinga miwili na hakuna aliyejificha tena. Karibu kila mtu alikuwa amerudishiwa mmea usio wake. Watu walilia mwaka mzima kwenye asumini za wengine, na wakapata nafuu ileile. Kobe tu ndiye hakurudi. Niliuliza, wakasema hajaonekana tangu siku ya fagio.

Baba zangu wadogo walichimba kaburi ubavuni kwa mama yake. Walipomshusha nilisogea mbele, nikalitoa tusi langu lote la miaka saba, kutoka mwanzo. Nilimsimanga mpaka wanawe wakashikana wasianguke. Mchungaji, yuleyule, aligeuka akatazama mninga, mabega yakimtikisika. Nilipomaliza, kwa haki ya mtani, nilipiga magoti kwenye kaburi la mama yake, nikachimba kwa mikono. Kilikuwa kiangazi, hakuna kilichoonekana juu, lakini vilikuwapo, vitunguu vitatu. Nikavinyanyua juu na udongo wake.

"Nimeteka," nilisema. "Wenyewe wakomboe."

Mjane wake alikuwa amekaa chini na kitambaa kichwani. Hakusimama.

"Hatukomboi," alisema. "Mwenyewe alituambia tusikomboe. Alisema utakuja kuviteka."

Nikamwambia alichanganya madebe, kwa hiyo navichukua kwa haki.

"Hakuchanganya kitu," alisema mjane. "Aliyajua madebe yote hata kwa kupapasa. Wengine aliwatania tu, lakini wewe alikuwa na sababu. Alisema huyu nikimpa mama yake mkononi ataondoka naye, hatarudi. Nikimpa wangu, mvua ya kwanza atakuja kunitukana. Kila mwaka mvua ikianza alivaa kanzu safi, akakaa pale mlangoni na uji wake. Tulimwambia treni imeshapita. Akasema labda ya kesho."

Walikuwa wameshaanza kufukia. Nilikaa palepale kwenye udongo, vitunguu vya mama mapajani, na mdomoni sikuwa na tusi hata moja lililobaki. Nikamwambia shikamoo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mzee yule kutoniitikia kwa tusi.